Doa Jekundu Chini ya Nyota Tatu

Mwaka jana kazi ilinipeleka Kakuma, nikatafuta studio ya picha ya mabati niliyoijua utotoni. Pale ilipokuwa panauzwa simu. Kijana wa dukani hakuwahi hata kuisikia, basi acha nikusimulie wewe.

Katika miaka ya tisini tulikuwa tukiishi Lodwar, na kwa sababu ya joto tulilala nje, juu ya ngozi. Nyanya alipenda kunionyesha nyota tatu zilizojipanga mstari, na chini yake kitu kama moshi, alichokifahamu tangu akichunga mbuzi kule Namoruputh. Lakini kope zake zilikuwa zimegeukia ndani na kumkwaruza macho hadi yakaanza kufifia. Jioni moja akaniuliza kama ule moshi bado upo. Nilijibu upo, kisha nikageukia upande wa pili ili asinisikie nikilia.

Jirani yetu, mwalimu wa fizikia, alikuwa na kamera. Nilipomweleza, alisema moshi ule ni gesi inayowashwa na nyota changa, na kamera ikiachwa wazi kwa muda, filamu huona kuliko jicho. Tatizo ni kwamba nyota husogea angani, na picha ingetoka mistari mitupu. Akaunganisha mbao mbili kwa bawaba, akaielekeza bawaba kaskazini, akatia skrubu ndefu ya kuinua polepole ubao wenye kamera ili uzifuate nyota. Baada ya ugali, yeye alitazama saa na kusema "sasa". Mimi nikazungusha skrubu robo mzunguko. Dakika tano kwa kila picha. Nyanya alikaa kando akitafuna tumbaku na kufukuza mbuzi wasitugonge.

Filamu ya rangi tuliipeleka Kakuma kwa mpiga picha mwenye ile studio ya mabati, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, naye akaituma Kitale kwa basi. Tuliporudi kwake, hapakuwa na picha hata moja. Walioiosha kule Kitale walisema haina kitu. Yeye hakuridhika. Aliinua negativu, vile vipande vya filamu iliyooshwa, kwenye jua la mlangoni, akazikagua moja moja.

"Mwalimu, hapa iko kitu," akasema. "Mimi narudisha. Wachape hata kama ni giza."

Wiki mbili baadaye picha ikafika. Ule moshi ulitoka kama doa, na doa lilikuwa jekundu! Kwa macho sote tulikuwa tumeliona jeupe. Nilimpa nyanya bila kumtajia rangi. Aliisogeza mpaka ikamgusa pua, akaigeuzageuza juani.

"Nyekundu," akasema. "Kama udongo niliopakwa siku ya kuolewa."

Mvua zilizofuata zilimkuta haoni kabisa. Picha aliifunga kwenye pindo la shuka, akiwatolea wageni na kuwaeleza kila nyota ilipo. Mara nyingi aliishika juu chini. Hakuna aliyemrekebisha. Jasho na joto viliifuta ile rangi kidogo kidogo, na alipofariki, karatasi ilikuwa imebaki kahawia tupu. Yeye hakujua, nasi hatukumwambia.