Karatasi Niliyompa Afande wa Chini

Haya niliyaona kwa macho haya mawili, sikusimuliwa na mtu. Wapo wanaosema nilimeza maji machafu yakanipanda kichwani. Waache waseme. Hata daktari alisema hivyo. Mimi niliishia darasa la tano, kupamba maneno sijui, lakini najua nilimwona nani kule chini, na najua nani alifunga ule mlango. Anaitwa Wetaka. Naandika wazi, na akitaka aje anishitaki. Jina langu mimi siliandiki. Nina sababu, utaiona.

Kwangu ni Mafubira, Jinja, lakini biashara yangu ilikuwa Mbale. Niliuza kanzu, kofia na vitambaa vya suti kwenye jengo la Hajji Masolo, sehemu ya chini kabisa, ile unayoshuka ngazi kutoka barabarani. Siku za kazi nalala Mbale, Ijumaa narudi kwa watoto.

Nilikuwa natembea na vitu vyangu, na watu walinicheka sana. Koti langu nililitia mifuko sita kwa mkono wangu mwenyewe. Tochi ndogo ya chuma. Filimbi kama ya refa. Kisu cha kukunja. Kiberiti na vidonge vya presha, vimefungwa ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, visilowe. Kamba nyembamba, urefu wa watu watatu au zaidi kidogo. Kitambaa cha pamba cha kufunga jeraha, au cha kuziba pua moshi ukija. Halafu karatasi, nayo ndani ya kaveera: jina langu lote, jina la baba, Mafubira, namba ya shemeji yangu, ugonjwa wangu, na kwamba nikifa nizikwe Kiislamu. Karatasi hiyo niliianza siku boda ilipogongwa pale Bugembe. Dereva alilala kando ya lami tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watu wamemzunguka, kila anayefika anauliza, "Wa wapi huyu?" Hakuna aliyejua. Nikasema mimi sitakufa hivi.

Jirani yangu wa duka alikuwa Nambozo, mama wa Kigisu aliyeshona sare za shule. Mdomo wake haukupumzika.

"Hajji Stoo, leo umebeba na jeneza?"

"Halikuingia mfukoni, dada."

"Kale, haya, kesho shona mfuko wa saba!"

Lakini karatasi hakuitania. Hiyo aliichukia. "Ichome, Hajji. Mtu habebi matanga yake mfukoni. Unamwita nani?"

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara. Kama hujafika Mbale mwaka wa tohara, jua tu kwamba mji mzima unacheza. Vijana wanaotahiriwa wanapita barabarani na njuga mapajani, ngoma nyuma yao, na watu wanapuliza filimbi mpaka masikio yanauma. Na wezi wa mifukoni nao wanacheza humohumo. Kwa hiyo Wetaka, msimamizi wa jengo, alikuwa na desturi yake: ngoma ikikaribia anavuta geti la chuma juu ya ngazi zetu, anatia kufuli, na ikishapita anafungua. Tulizoea. Hata tulimshukuru.

Siku hiyo ilikuwa saa kumi jioni. Wenzetu wengi walikuwa wameshatoka kwenda kuangalia ngoma. Chini tulibaki mimi na Nambozo, yeye akimalizia vifungo vya sare, mimi nikipanga kanzu. Wetaka akavuta geti.

"Dakika kumi tu, wazee wangu!"

Ngoma hiyo ilikuwa ya mtoto wa dada yake. Akaifuata. Ufunguo ukaenda naye mfukoni.

Mvua iliyoanza juu ya mlima Wanale hatukuiona. Tungeiona wapi? Kwanza umeme ulikatika. Halafu nikasikia maji yanateremka ngazi, taratibu, kama mtu amemwaga beseni. Nambozo akacheka, akapandisha miguu juu ya kiti. Hakucheka tena. Nilipopata tochi yangu, maji yalikuwa magotini na kanzu zangu zinaelea kama watu waliolala.

Njia ya pili? Ilikuwepo zamani. Masolo aliiziba kwa matofali ili apate chumba kimoja zaidi cha kupangisha. Mlango wa nyuma wa jengo zima! Na simu kule chini haikuwahi kupata mtandao hata siku ya jua.

Basi nikapanda ngazi mpaka kwenye geti, maji yananisukuma kifuani, nikatoa filimbi. Nikapuliza mara tatu, nikanyamaza, mara tatu tena. Mtu yeyote akisikia hivyo anajua kuna shida. Unajua watu wa barabarani walifanya nini? Walipiga vigelegele! Walidhani na sisi tunacheza. Mji mzima ulikuwa unapuliza filimbi, nani angetofautisha yangu? Nilipuliza mpaka nikaonja damu. Kisha maji yakaning'oa pale kwenye ngazi, yakanirudisha chini.

Na chini, nyuma yangu, upande wenye ukuta mtupu, sauti ikasema: "Nani anapiga filimbi?"

Niamini, nywele zilinisimama. Nikageuza tochi. Alisimama mtu amevaa lile koti refu la buluu la walinzi, kofia kichwani, rungu mkononi. Maji yalimfika kiunoni lakini hayakucheza pembeni yake. Yalisimama naye. Na kola yake ilikuwa kavu.

Nilimjua. Alikuwa mlinzi wetu wa zamani. Alipotea msimu wa mvua, miaka miwili nyuma, na Wetaka akaandikisha polisi kwamba ametoroka na marobota ya vitambaa. Vyangu vilikuwemo. Nilimlaani mtu yule kwa ulimi wangu, siku nyingi.

"Afande," nikasema, "ulikuwa wapi?"

"Zamu," akajibu. "Hakuna aliyekuja kunibadilisha."

Nambozo alinishika mkono. Yeye hakumwona, lakini alisikia, kucha zake ziliniambia hivyo.

"Tuonyeshe njia, Afande. Maji haya yatatumaliza."

"Njia iko. Karatasi iko?"

"Karatasi gani?"

"Ya jina. Bila jina sipitishi mtu. Na mimi bila jina sipiti."

"Taja lako niliandike. Kalamu ninayo."

Akapapasa mfuko wake wa kifuani. Maji yalipanda kidole kizima. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo: "Ningelijua, ningekuomba lako?"

Hapo ndipo nilipopata aibu kuliko hofu. Miaka mitatu mtu huyu alitufungulia. Asubuhi, "Jambo, Afande." Jioni, "Usiku mwema, Afande." Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza anaitwa nani, au kwao ni wapi. Afande tu.

Nambozo akaninong'oneza kwa nguvu: "Usimpe! Jina halitolewi gizani. Kwenu Busoga hamkufundishwa?"

Tulifundishwa. Ukiitwa na usiyemwona huitiki, sembuse kujitaja. Lakini mimi nina watoto watano.

"Nambozo, tuna dakika chache. Nikuandikie na wewe."

"Siandikwi! Wetaka atarudi, ufunguo anao. Nakwenda getini."

Nikamfunga kamba kiunoni, ncha nyingine nikaifunga mkononi mwangu. Nikamwambia, shikilia chochote, nikipata njia nakuvuta. Akakubali. Akaondoka akimwita Wetaka, Wetaka, kama mtu anayemwita mwanawe.

Yule Afande alinipeleka kwenye kona nyuma ya rafu za viatu. Akagusa ubao kwa rungu. Nikaung'oa kwa kisu na mikono. Nyuma yake palikuwa na shimo la kupitishia mabomba, jembamba, na ukutani vyuma vya kupandia, kimoja juu ya kingine mpaka kwenye kifuniko.

"Hapa nilifika," akasema. "Sikuwa na tochi. Vyuma sikuviona."

Nikampa karatasi. Aliiweka mfuko wa kifuani, akafunga kifungo polepole, kama askari aliyepewa likizo. Kisha akanipigia saluti. Mimi! Hajji wa vitambaa!

Nikapanda. Nilipofika chuma cha tatu nikavuta kamba. Ilikuja nyepesi. Nikavuta yote, ikaisha mkononi. Haikukatika, ndugu msomaji. Ilifunguliwa. Nikamwita Nambozo mpaka sauti ikaniishia, na maji yakaziba mdomo wa shimo chini ya miguu yangu. Sikushuka tena. Sema unavyotaka, sikushuka.

Kifuniko nilikisukuma kwa mgongo. Nje barabara ilikuwa mto, ukanibeba mpaka mto wenyewe wa Nabuyonga, na wafyatua matofali wakanitoa huko mbali. Hayo nimeambiwa. Mimi nilizindukia hospitali na homa, ulimi mzito kama jiwe. Juu ya kitanda wameandika: mwanamume asiyejulikana. Wala sikuwa na cha kuwaonyesha.

Siku ya tatu ulimi ulipofunguka, muuguzi aliniazima simu. Nikampigia shemeji. Aliposikia sauti yangu akakata. Nikapiga tena, akaanza kusoma aya za kumfukuza shetani.

Nilifika Mafubira nimevaa suruali ya msaada. Mke wangu alikuwa amekaa eda. Nyuma ya nyumba kuna kaburi, udongo bado mbichi. Maji yalipovutwa kutoka lile jengo, walikuta watu wawili. Nambozo pale getini, vidole vimeshika chuma. Na mwingine ndani ya matope, ameharibika, karatasi yangu kavu mfukoni mwake. Polisi walimshona ndani ya turubai, wakawaambia ndugu zangu wasifungue. Wakamzika Kiislamu, kama karatasi ilivyosema. Kaka yangu, aliyebeba upande wa kichwa, aliniambia baadaye: "Ulikuwa mwepesi mno. Nilidhani ni huzuni imenipa nguvu."

Wetaka anadunda mjini. Aliwaambia polisi kwamba alifunga kwa usalama wetu, na wakaandika hivyohivyo. Masolo amepiga plasta, ukiuliza habari za shimo anakuuliza, shimo gani? Na Afande kwenye vitabu vyao ni mwizi mpaka leo. Nimeuliza jengo zima, nimekwenda mpaka kwa wenye kampuni ya ulinzi. Hakuna anayelijua jina lake.

Shehe alisema tusimfukue, apumzike. Nami nilikubali, kwa sababu namdai nini mtu aliyenitoa mle?

Lakini hapumziki. Mke wangu akiniita, tunaitika wawili. Mimi naitika kutoka barazani, yeye anaitika kutoka nyuma ya nyumba, "Naam," taratibu, kwa adabu. Mwanzoni alichelewa kidogo. Siku hizi ananitangulia. Watoto wangu wakisikia jina hilo wanageukia kule kwanza, ndipo wananitazama mimi. Nambozo amezikwa kwao mlimani kwa jina lake, na akiitwa haitiki mtu. Kuna siku namwonea wivu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, beba tochi, beba filimbi, beba na karatasi. Ukishuka chini ya jengo lolote, uliza kwanza ufunguo unabaki kwa nani na anakwenda nao wapi. Na yule mlinzi anayekufungulia kila asubuhi, mwulize leo jina lake na kwao wapi, angali anaweza kukujibu. Mimi ukinikuta barabara ya Bugembe, tafadhali usiniite. Njoo unishike bega.