Mashine ya Nekoye na Njia Mpya ya Kuamka

Tangu amzike mkewe, Nekoye, mzee Obura alikuwa na kazi moja: kuhakikisha ile mashine haizimiki.

Ilikaa juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwake mtaa wa Kaptembwo, Nakuru. Kisanduku cheusi, taa moja ya kijani, basi. Binti yao Adongo, anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, ndiye aliyeileta. Aliwaambia ni seva ya nyumbani, ghala la picha na sauti. Nekoye aliielewa upesi. Kila asubuhi, chai ikichemka, alishika simu akamrekodia Adongo habari: mvua imenyesha, kuku mwekundu ametaga chini ya kitanda, baba yako amevaa soksi mbili tofauti tena. Maneno yakaingia ghalani yenyewe, na Adongo akayasikiliza kutoka huko Naivasha yakiwa yamekaa hapohapo kwenye kisanduku. Miaka sita ya asubuhi, wala hakuna mahali pengine yalipowekwa.

Obura hakuenda shule. Aliunganisha mabehewa stesheni ya Nakuru kama babake kabla yake, mpaka akastaafu. Sauti zile hakuwahi kuzifungua baada ya mazishi. Mvumo wa mashine ulimtosha. Mchana, jua likishika mabati na upepo ukishuka kutoka Mlima Menengai, alilala kwenye kiti, na ule mvumo ukaingia usingizini ukawa nyayo za mtu anayepita chumba cha pili akitafuta kitu. Hakuamka kuuliza anatafuta nini.

Kwao, moto wa matanga hauachwi uzime waombolezaji wangali nyumbani. Na yeye alikuwa angali nyumbani. Kwa hiyo alinunua betri ya kushikilia mashine stima ikipotea. Adongo alimsihi kwa simu aizime siku moja aiwashe tena kuona kama itaamka, na atafute fundi wa kutoa nakala. Obura alisema ndiyo, halafu hakufanya. Miezi kumi na minne ikapita hivyo.

Jumanne moja stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu. Betri ilitoa moshi. Taa ya kijani ikafa.

Nyumba ilinyamaza kabisa. Obura alikiteremsha kisanduku, akakifunga kwa leso ya Nekoye, akakilaza kitandani upande wa marehemu. Siku ya tatu akaja Jerop, ametumwa na Adongo. Jerop ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, na alikuwa akiimba kwaya pamoja na Nekoye. Akakiona kitandani.

"Baba Adongo, huyu mgonjwa umempa uji?"

"Alikataa," Obura akajibu.

Jerop alifungua skrubu mezani, akanusa. Bodi inayoendesha mashine imeungua, alisema, lakini diski ni nzima, na sauti zote ziko ndani ya diski. Alikuwa na bodi nyingine kwenye mkoba. Shida ni kwamba ile ya zamani iliamka kwa njia ya zamani: ilisoma mstari wa kwanza wa diski, ikajua la kufanya. Hii mpya haijui njia hiyo. Inataka chumba kidogo cha maagizo ndani ya diski, na diski hii haina. Mafundi wengine wangefuta kila kitu waanze upya. Yeye angeandika upya orodha iliyo kichwani mwa diski, atenge chumba, sauti zibaki zilipo. Lakini akikosea orodha, hakuna atakayejua zinaanzia wapi.

Obura alikumbuka kichwa cha treni kikiondolewa na kingine kikija kinyumenyume, taratibu.

"Mabehewa ni yaleyale," alisema.

"Ni yaleyale."

"Sisi hatukufungua kichwa kabla ya kukaza breki za mabehewa."

"Breki yangu ni nakala. Natoa ya kila kitu kwanza."

Hapo mzee akakataa. Alisema Nekoye alikuwa mmoja, na hataki wawe wawili.

Jerop aliweka bisibisi chini. "Nekoye tulimzika, Baba Adongo. Nilikuwepo. Niliimba."

Obura akatoka. Alisimama langoni akitazama vumbi likipanda barabarani na kushuka. Aliporudi, hakuketi.

"Kaza breki," alisema.

Kunakili kulianza asubuhi kukaendelea hadi alasiri. Kwenye skrini ya Jerop mstari wa buluu ulitambaa polepole, na Obura, akiutazama, akasinzia. Akaona treni ndefu ikipita Longonot bila kelele, mlima nyuma yake mwepesi kama kitambaa. Kila behewa lilikuwa na mlango wazi, na ndani ya kila mlango kulikuwa na asubuhi: moja ya mvua, moja ya ukungu, moja ya jua jembamba sakafuni. Hakumwona mtu. Alisimama kando ya reli na kupungia mkono, na mabehewa hayakuisha.

Jerop alimgusa bega. Nakala imekamilika, ameilinganisha na diski, hakuna faili lililopungua. Kisha akafanya kazi yake: akapunguza kidogo mwisho wa diski, akatenga kile chumba, akaandika orodha upya, akatia maagizo ya kuamkia. Mwisho akaingia kwenye bodi akachagua njia mpya. Akawasha.

Skrini ikawa nyeusi, na neno moja la kukataa.

Jerop alikuna kichwa, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akagundua hajakitia chumba alama ya kutambulika. Akaitia. Akawasha tena. Feni ikazunguka, tarehe za rekodi zikateremka skrini nzima. Akagusa moja bila kuchagua.

"Adongo, kumekucha," akasema Nekoye. "Baba yako ametia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Anakunywa tu. Hataki nijue."

Obura aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na Jerop hakujua ni kicheko au ni kilio, akageuka kupanga nyaya.

Baadaye Jerop akasema bado jambo moja. Mashine lazima izimwe kabisa, ionekane ikiamka bila mkono wake.

"Zima wewe," alimwambia.

Kidole cha mzee kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Akabonyeza. Mvumo ukapungua, ukapungua, ukaisha. Watoto walipita nje wakibishana. Akabonyeza tena, na ikaamka, na siku zote zilikuwemo.

"Sasa unajua inarudi," Jerop akasema.

Obura alitikisa kichwa kukubali. Kisha akabonyeza akaizima.

"Mbona tena, mzee?"

"Ilale," alisema. "Kesho nitaiamsha."