Ua la Mwamba Mmoja

Mume wangu alikuwa bingwa wa kuotesha miche ya michikichi, na ubingwa huo ndio uliokaribia kuliua ua letu.

Lilikuwa ua dogo la zambarau, lililoota kwenye mwamba mmoja tu juu ya ziwa, hapa Rumonge. Wavuvi wa Gitaza waliapa kwamba kwao halipo. Mtaani kwetu bibi harusi alitiwa ua hilo nyweleni, na aliyelikosa alisemwa mpaka azae. Basi Wadachi wakaamuru mwamba uvunjwe, wapate mawe ya kujengea nyumba ya askari wao. Wifi yangu, aliyekuwa ameshaposwa, alilia kutwa nzima. Mume wangu akamwapia dada yake kwamba ua atalivaa.

Aling'oa miche yote aliyoifikia, akaipanda uani na kuitunza kama michikichi yake: samadi ya ng'ombe, kivuli cha makuti, maji asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa mjamzito na hakuna aliyeniuliza kama nina kiu. Majani yakanenepa kama mwali aliyewekwa ndani, lakini ua halikutoka hata moja. Akaongeza samadi. Miche ikaanza kuoza, na yeye akakosa usingizi. Hapo nilimhurumia kweli.

Mama mkwe alikuja, akaitazama, akamwambia polepole, "Mutoto wangu, hii maua ilizoea njaa. Wewe umeiua na shibe."

Harusi ilipokaribia nilipeleka mawese kwa askari. Nikaona maua ya zambarau kwenye ukuta wa nyumba yao mpya, katika nyufa za mawe: mbegu zilikuwa zimesafiri na mwamba wetu wenyewe. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nilipomweleza mume wangu alidhani namtania, akaenda na kanzu yake ya Ijumaa, akapanda ukuta huku askari wakimcheka. Alichuma ua moja tu, mengine akayaacha yatoe mbegu. Wifi yangu alilivaa, na safari hii sote tulilia kwa furaha.

Wadachi walipoondoka ukuta ulibaki, na maua yakazidi. Mume wangu husema ni shamba lake. Jioni moja nilimkuta akielekea huko na mtungi begani. Nikamzuia njiani.

"Baba watoto," nikamwambia, "ile maji uniletee mimi."