Ubao Uliokuwa Safi Tayari

Idara ya Elimu ina njia moja tu ya kumshukuru mwalimu anayejua kufundisha: humwondoa darasani. Mshindi hupewa cheti, saa ya ukutani na cheo cha mratibu, na Jumatatu inayofuata hujikuta nyuma ya meza ya ofisi akiandika taarifa juu ya walimu waliobaki, yaani wale ambao hawakushinda. Mpango huu una miaka mingi na hakuna aliyewahi kuona kasoro yake, kwa kuwa wanaoutathmini wote waliondolewa darasani kwa njia hiyohiyo.

Mwalimu Dasta aliujua mpango huo, na kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa ameuepuka bila kutoa jasho. Alifundisha darasa la kwanza. Hakuna anayekwenda kumtafuta mwalimu bora darasa la kwanza. Watu wakubwa wakiulizwa nani aliwafikisha walipo, humtaja mwalimu wa fizikia, au yule wa historia aliyekuwa na sauti nzito. Aliyewaonyesha kalamu hushikwa upande gani hawamkumbuki, kama vile mtu asivyokumbuka nani alimshika mkono akijifunza kutembea. Mwenyewe hakuona tatizo. Alisema kiti kizuri ni kile ambacho unakaa na kusahau kwamba kina misumari.

Jina la Dasta lilitokana na tabia yake. Mtoto akihangaika na silabi wiki nzima, kisha ghafla zikamkubali, walimu wengine wangeamuru makofi. Yeye alisema tu, "Haya, endelea," akageuka, akachukua dasta na kufuta ubao. Kama ubao ulikuwa na maandishi, yalikwenda. Kama ulikuwa safi, aliufuta hivyohivyo, polepole, mgongo kwa darasa, mpaka uso wake urudi kwenye hali ya kazi. Watoto waliing'amua siri hiyo mapema kuliko watu wazima. Kwao hapakuwa na tuzo kubwa kuliko kumfanya mwalimu afute ubao safi, na walikuwepo mafundi bomba, madereva na hata daktari mmoja mjini humo ambao bado walikumbuka ni neno gani hasa lililomgeuza.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi saa, mwenye meza yake ndogo kwenye baraza ya duka la vitambaa. Wawili hao waliitana kwa kazi zao, "Fundi" na "Mwalimu", tangu walipooana, na hawakuona sababu ya kubadilisha. Mtoto wao alikuwa mmoja, msichana, ambaye sasa alikuwa nesi katika wodi ya mifupa. Kwa hiyo magoti ya mama yake aliyatazama kwa jicho la kazini.

Magoti hayo yalikuwa na historia. Mwalimu Dasta aliamini kwamba mtoto hawezi kusoma vizuri mbele ya mtu anayemtazama kutoka juu. Basi alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji kando ya kila dawati, kutwa nzima, kila siku ya shule, mpaka yakaanza kutoa sauti. Fundi aliyasikiliza siku moja akiwa anakunywa chai, akatoa uamuzi kwamba la kushoto linachelewa kidogo nyuma ya la kulia.

Nesi hakuona kichekesho. Kimyakimya, bila kumwambia mtu, alipeleka jina la mama yake Idarani. Alieleza jinsi mama alivyokuwa akiwasindikiza watoto mpaka majumbani mwao, jinsi wazazi wasiojua kusoma walivyokuwa wakikaa nao kwenye madawati madogo siku za Jumamosi, na mengine ambayo mama mwenyewe hakuyahesabu kuwa ni kazi. Jumapili moja mchana akaja nyumbani bado amevaa sare, hajala, akiwa amebeba habari hiyo kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Jina limepita. Mkaguzi atakuja kuona somo moja. Akishinda, anahamia ofisini.

"Kuna kiti cha kuzunguka, mama," alisema. "Nimekwenda nikakikalia mwenyewe. Kinapanda, kinashuka, kina vigurudumu. Hutapiga goti tena maisha yako yote."

Mwalimu Dasta akamshukuru. Kisha akachukua kitambaa akaanza kufuta meza ya chakula, ambayo ilikuwa safi. Nesi aliona, na moyo wake ukajaa, kwa sababu naye alipita darasa la kwanza la mama yake na alijua maana ya kufuta kitu kisafi. Siku hiyo alikosea.

Kesho yake Mwalimu alimfuata mumewe kwenye baraza. Fundi alikuwa na lenzi jichoni na saa ya mtu imefunguliwa tumbo. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa, kisha akasema jambo ambalo mtu yeyote angesema: amwambie binti yake kwamba hataki.

"Nimwambieje? Mtoto kanitafutia kiti, mimi nimjibu nataka sakafu?"

Fundi akauliza basi atafanya nini.

"Nitafundisha vibaya. Siku hiyo moja tu."

Fundi akatoa lenzi. "Unajua?"

"Nimeona wenzangu wanavyofanya."

Mwalimu mkuu, kwa upande wake, alijiandaa kwa ushindi. Alipaka chokaa mawe ya njiani, akatundika pazia kwenye dirisha la darasa la kwanza, ambalo halikuwa na kioo, na akamwomba Mwalimu Dasta kwa heshima zote asipige magoti mbele ya wageni, wasije wakadhani shule haina viti. Mwalimu Dasta aliahidi kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza maagizo ya mwalimu mkuu kulingana kabisa na mipango yake.

Mkaguzi alifika asubuhi na wasaidizi wawili. Walikaa nyuma, kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu. Mwalimu Dasta akaandika "salama" ubaoni, akavuta kiti, akakaa.

Hakuna mtoto aliyewahi kumwona amekaa. Mmoja wa mbele akanyosha mkono akauliza kama anaumwa. Akajibiwa kwamba haumwi, asome. Wakasoma kwa pamoja, wakiimba: sa, la, ma, salama, kisha tena, kisha tena. Darasa linaloimba lina faida zake. Anayejua na asiyejua hufungua mdomo kwa upana uleule. Mkaguzi akaandika kitu. Msaidizi mmoja akapiga mwayo. Mambo yalikuwa yakienda vibaya kama ilivyopangwa, na Mwalimu Dasta alianza kuhisi amani.

Katika dawati la tatu alikaa msichana waliyemwita Karani. Alipewa jina hilo kwa sababu ya mwandiko. Alinakili kila kilichoandikwa ubaoni kwa herufi nzuri kuliko za mwalimu mkuu, na hakuweza kusoma hata moja. Kwake maandishi yalikuwa maua. Mwalimu Dasta alikuwa amepiga goti kando ya dawati lile tangu mwaka uanze, asubuhi baada ya asubuhi, bila matunda. Mama yake Karani alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate, na Mwalimu alikwishapita kwao mara kadhaa kuzungumza naye mlangoni, mama wa watu amesimama na unga kwenye nyusi, macho yanafumba.

Karani hakuwa mtu wa kunyosha mkono. Sasa aliunyosha, wenzake bado wanaimba.

"Mwalimu, hiyo ya katikati si ndiyo ile ya kwenye 'lala'?"

Nyimbo zikafa. Mwalimu Dasta akatazama ubao, akatazama wageni, akamtazama Karani. Alikuwa na nafasi ya kusema "vizuri, tuendelee" na kubaki kwenye kiti. Baadaye alimweleza Fundi kwamba alijaribu kweli. Lakini mtoto aliyeona silabi moja katika maneno mawili ni sawa na mtu aliyefungua mlango kidogo akachungulia. Ukimwacha hapo, kesho huenda mlango umejifunga.

Akainuka. Akapita katikati ya madawati huku akipapasa mfuko wa aproni alimoweka vipande vyake vya kadibodi, kila kipande na silabi yake. Akapiga magoti. Yalilia, la kulia kwanza. Akapanga vipande juu ya dawati bila kusema neno, akarudisha mikono yake nyuma.

Karani aliweka kidole kwenye kipande cha kwanza. "Ma," alisema. "Ma." Akasita. Darasa zima lilikuwa limegeuka, na msaidizi aliyekuwa akipiga mwayo alikuwa amesimama ili aone. "A. Na." Kidole kilikaa muda mrefu kwenye kile cha tano. "La. La." Akarudi mwanzo, haraka zaidi, kisha akainua uso kwa mshangao kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona.

"Mama analala." Akafikiri. "Ni kweli, mwalimu. Saa hizi analala."

"Haya, endelea," akasema Mwalimu Dasta. Akainuka kwa kushika dawati, akaenda mbele, akafuta ubao. Alifuta "salama" na tarehe na kila kitu. Aliendelea kufuta ubao ukiwa hauna kitu, na watoto wakatazamana kwa fahari, na Karani akakunja mikono juu ya dawati kama mwenye mali. Nyuma, mkaguzi alikuwa ameacha kuandika.

Alishinda, bila shaka.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa mikutano, ambao siku nyingine hukodishwa kwa harusi. Mgeni rasmi alizungumza kwa urefu kuhusu mchango wa walimu, akitumia neno "mchango" mpaka likaisha ladha. Nesi alikaa safu ya mbele amevaa gauni jipya. Fundi alikaa pembeni yake, akiitazama saa ya zawadi iliyokuwa mezani, ambayo tayari ilikuwa imekosea. Nyuma walijaa wazazi, na miongoni mwao wengi walikuwa wamewahi kukaa kwenye yale madawati wenyewe.

Mwalimu Dasta akaitwa jukwaani. Mkaguzi akampa cheti. Mgeni rasmi akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu mwalimu huyu hodari hatapoteza tena kipaji chake darasani. Watu wakapiga makofi.

Yeye akawageuzia mgongo. Nyuma yake hapakuwa na ubao, palikuwa na bango kubwa la Idara. Akatoa leso na kuanza kulifuta, herufi baada ya herufi, polepole.

Makofi yalipungua kuanzia nyuma, walikokaa mafundi bomba na madereva. Mgeni rasmi, ambaye hakusoma kwa Mwalimu Dasta, alitabasamu na kumwita Nesi apande kupiga picha na mama yake. Nesi akapanda. Akasimama karibu na mama yake na kumnong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa hatua moja tu na hakina siri.

"Mama, unafuta nini?"

"Vumbi."

"Mimi ulinifundisha wewe. Hapa nani kaelewa kitu, mpaka ufute?"

Mwalimu Dasta akasimamisha mkono. Ukumbi mzima ulimsikia akivuta pumzi.

"Hakuna," alisema. "Naficha uso tu."

Nesi akaitazama ile leso, na bila shaka akaiona meza ya chakula. "Hata ile Jumapili?"

"Hata ile Jumapili. Sikitaki kiti, mwanangu. Kukwambia ndiko kulinishinda."

Nesi alichukua leso mkononi mwa mama yake, akamfuta uso, akaikunja na kuiweka katika mkoba wake mpya. Kisha akamgeukia mkaguzi na kumuuliza, kwa sauti anayotumia kwa madaktari, kama cheo hicho ni lazima.

Mgeni rasmi alipekua karatasi zake. Mkaguzi ndiye aliyejibu. Alisema kanuni zinataka mshindi apewe cheo. Hazisemi popote kwamba ni lazima akipokee. Alisema pia, akitazama viatu vyake, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kufundisha darasa la pili. Kisha akaomba watu wapige picha.

Cheo kilikwenda kwa mwalimu wa darasa la saba, aliyekitamani kwa miaka na tai tayari alikuwa nayo. Saa ya ukutani Fundi aliifungua jioni ileile, akaifunga, akasema aliyeitengeneza naye anastahili kupandishwa cheo.

Wiki mbili baadaye mkokoteni uliingia shuleni ukiwa na kiti cha kuzunguka. Haukuja na maelezo. Mleta mzigo alisema tu kwamba ametumwa na mkaguzi, na kwamba kule ofisini mratibu mpya anakaa kwenye benchi. Nesi alikuja baada ya zamu, akakishusha kiti mpaka mwisho kabisa. Hapo mama yake, akiwa amekaa, macho yake yalilingana na ya mtoto wa dawatini. Fundi alitia mafuta vigurudumu. Kupiga magoti kukaisha bila mtu kutazamwa kutoka juu, na kazi pekee iliyobaki ikawa kuamua nani atamsukuma mwalimu kutoka dawati hadi dawati, jambo lililoleta ugomvi kila asubuhi.

Siku ambayo zamu ilikuwa ya Karani, kiti hakikutembea. Mwalimu Dasta akauliza kuna nini huko nyuma. Karani alikuwa amechuchumaa nyuma ya mgongo wa kiti, mahali palipobandikwa kibati kidogo ambacho hakuna mtu mzima aliyejisumbua kukisoma.

"Ma-li ya o-fi-si," sauti yake ilisema kutoka kule. "U-si-ha-mi-she." Kichwa chake kikachomoza. "Mwalimu, sasa mbona wamekihamisha?"

Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyempangia vipande.

"Haya, endelea," akasema Mwalimu Dasta, akajisukuma kwa mguu mpaka mbele. Ubao ulikuwa haujaandikwa kitu tangu asubuhi. Akanyosha mkono, akachukua dasta.