Kokushubila na Kunguni wa Kota

Mguu ndio uliomleta Kokushubila mjini Bukoba. Ulikuwa umevimba tangu mavuno ya maharage, na majani yote ya kijijini kwake Kimwani yalishapondwa na kupakwa juu yake bila nafuu, ndipo mwanawe Datius akatuma ujumbe kwamba mama apandishwe lori aje hospitali. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu. Datius alikuwa fundi wa malori ya serikali, na serikali ilikuwa imempa nyumba kotani: chumba na sebule katika jengo refu la matofali, familia zimepangana humo kama viazi kwenye tuta. Bati lilikuwa moja juu ya wote, na kuta za kugawa nyumba ziliishia njiani kabla ya kulifikia. Mtu akikohoa nyumba ya mwisho, wa nyumba ya kwanza alimpa pole.

Kokushubila aliingia, akaitazama sakafu ya saruji, akaitazama tena.

"Mwanangu, nyasi ziko wapi?"

"Mjini hatutandiki nyasi, Mama. Tunapiga deki."

Jibu hilo halikumwingia. Nyumbani kwake sakafu ilifunikwa nyasi laini, mgeni akaketi na kunyoosha miguu akajiona amefika. Kukaa juu ya saruji aliona ni sawa na kukaa juu ya kaburi la padri. Basi mguu ulipopata nafuu kidogo kwa dawa za hospitali alishuka bondeni kando ya mto Kanoni, akarudi na mzigo wa nyasi kichwani, akazitandaza sebule nzima. Immakulata, mkaza mwana wake, aliyelelewa na masista wa Kashozi na aliyeisugua sakafu ile kila asubuhi mpaka ikang'aa, alikuta kazi imekwisha. Alisimama mlangoni na ndoo yake, kisha akaenda kumwaga maji nje.

Jambo lililomsumbua Kokushubila zaidi ya saruji lilikuwa kitanda. Kila alipoamka alikuwa na mapele shingoni na mikononi. Asubuhi moja alijikokota hadi bombani, ambako wanawake wa kota walikuwa wamepanga ndoo zao.

"Kunguni wa mji huu wana njaa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya migomba. "Ninyi wenzangu mnalalaje?"

Mmoja akaanza kuchunguza tako la ndoo yake. Aliyejibu alikuwa Mama Josia, mke wa karani wa bomani, Mlutheri mwenye nyumba iliyosifiwa kota nzima kwa usafi. Hata mtungi wake wa maji ulivaa kitambaa cha kufuma.

"Labda ni joto, Bibi," alisema kwa upole. "Joto huleta vipele."

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na Mama Josia alikuwa amejifunika khanga mbili.

Immakulata alimfuata mama mkwe wake hadi ndani, akafunga mlango.

"Mama, neno hilo hapa halitamkwi."

"Neno gani? Kunguni?"

"Taratibu, Mama, ukuta haufiki juu. Nyumba hizi zinagombewa. Wakisema sisi ni wachafu tunaweza kuhamishwa. Mimi kitanda chetu nakimwagia mafuta ya taa nikiwa nimefunga dirisha. Nikiwamaliza wanakuja wengine."

"Wanatoka wapi?"

Immakulata aliinua macho juu, pale ukuta ulipokoma na nyumba ya Mama Josia kuanza.

Bwana Afya wa kota alikuwa kijana mrefu aitwaye Ildefons, mwenye kaptula ya kaki na baiskeli. Bohari lake lilikuwa na dawa mpya ya DDT na bomba la kuipulizia, ila amri aliyopewa ilikuwa kupuliza kwa aliyeomba tu. Kila alipopita alibisha mlango kwa mlango akiuliza kama kuna wadudu, na mlango kwa mlango alijibiwa kwa heshima ya Kihaya kwamba hakuna, waitu, ahsante sana. Naye aliwashukuru, akapanda baiskeli, akaenda huku akijikuna mgongo.

Jumamosi moja jua liliwaka vizuri. Datius alikuwa karakana, Immakulata amekwenda sokoni. Kokushubila alichemsha debe la maji, akaondoa godoro, akaanza kukivuta kitanda nje. Kilifika mlangoni kikakwama, miguu miwili ndani, miwili nje. Alivuta, akasukuma, mwishowe akaita.

"Mama Josia! Njoo unishikie upande wa pili, mguu wangu hauna nguvu."

Mama Josia alitokeza kichwa. Alitazama kitanda, akatazama milango mingine yote iliyokuwa wazi asubuhi ile. Lakini mama wa mtu anapokuita na mguu wake umevimba, utasema nini? Alikuja akashika. Kitanda kilichomoka, wakakiweka katikati ya uwanja, na Kokushubila akamimina maji ya moto kwenye viungo vyake.

Walitoka. Walitoka kwenye nyufa za mbao na kwenye mafundo ya kamba, wanene, wekundu kama kahawa iliyoiva. Mama Josia alirudi nyuma, kisha akasogea, akainama kuwaangalia kwa makini.

"Wa kwangu," alisema kwa sauti ndogo, "ni wembamba kidogo."

Kokushubila aliweka debe chini, akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Mama Josia alijaribu kujizuia, akashindwa. Vicheko vyao viliwatoa wengine ndani. Haukupita muda kitanda cha Mama Josia kilikuwa uwanjani, na vitambaa vyake vyote vya kufuma juu ya kamba. Wa nyumba ya tatu akaleta chake. Immakulata aliporudi na mkungu wa ndizi kichwani alikuta uwanja umejaa vitanda, na mama mkwe wake ameketi juu ya debe tupu akitoa amri. Alitamani ardhi ifunguke immeze. Ila hakuna aliyemtazama vibaya. Mwanamke mmoja alimuuliza tu kama ana mafuta ya taa yaliyobaki.

Ildefons alipopita alishuka kwenye baiskeli taratibu.

"Sasa tumekuomba, Bwana Afya," Mama Josia alimwambia. "Sote."

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," Ildefons alijibu. "Nikipulizia nyumba moja, wanapanda ukuta wanahamia kwa jirani. Jumatatu kila nyumba iwe tupu, nipulize mpaka juu kwenye mbao za bati." Akachungulia sebuleni kwa Datius. "Na nyasi hizi pia, Bibi. Zina viroboto, na panya wanajificha humo. Samahani, waitu."

Kicheko kilimwisha Kokushubila. Aliingia ndani, akaketi juu ya nyasi zake, akasema atakayezitoa atamtoa na yeye. Datius aliporudi alibembeleza akashindwa. Ni Immakulata aliyekwenda kuketi kando yake, miguu ameinyoosha, kwa mara ya kwanza tangu nyasi zile zitandikwe.

"Nilipopelekwa kwa masista nilikuwa mdogo," alisema. "Nililia kwa sababu ya saruji. Kwetu nilizoea kulala nikisikia harufu ya nyasi."

Kokushubila alimtazama. "Ukazoea?"

"Nilizoea kuisugua, Mama. Kuipenda bado."

Mama mkwe alisema kwamba nyasi ni zake, hivyo atazitoa kwa mkono wake mwenyewe. Jumapili baada ya misa alizikusanya zote na kuzichoma nyuma ya kota, na Immakulata akamnunulia mkeka mnene sokoni.

Siku ya dawa kota nzima ilihamia uwanjani na masufuria, magodoro, kuku na watoto. Walipika ndizi chungu kimoja, Walutheri na Wakatoliki, huku Ildefons akitoka nyumba hii na kuingia ile amejifunga kitambaa puani. Mama Josia alimsimulia Kokushubila habari za ukoo wake wote, na ikagundulika kwamba wana shangazi mmoja Muleba.

Mguu ulipona kahawa ikiwa inaanza kuiva, na Kokushubila akasema anarudi kwake. Datius alimsihi akae. Mama alimwambia mji si mbaya, ila kahawa haijichumi. Immakulata ndiye aliyembebea mkeka hadi kwenye lori, na lori lilipoondoka alibaki amesimama barabarani mpaka vumbi likatulia.