Hukumu za Jumapili

Mtaani walimwita Chapuchapu, naye alilipokea jina hilo kama nishani. Alikuwa hakimu wa mahakama ya wilaya kwa miaka ishirini na saba, na kesi zilizowachosha wenzake miezi minane yeye alizifunga kwa wiki tatu. Sebuleni kwake, juu ya televisheni, vinaning'inia vyeti vitano vya utumishi bora. Vyote vinataja idadi ya mashauri aliyoyamaliza. Hakuna hata kimoja kinachosema aliyamaliza vipi.

Aliyamaliza hivi. Upande wa mashtaka ukishafunga ushahidi wake Ijumaa, hakungoja utetezi. Jumapili, vyombo vya mchana vikiondolewa, alikaa kwenye meza ya kulia akaandika hukumu nzima, kuanzia maelezo ya kosa hadi adhabu. Kisha alimwita mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, aache kusahihisha madaftari ya wanafunzi amsikilize akiisoma.

"Na mshtakiwa mwenyewe mmeshamsikiliza?" mke aliuliza siku moja.

"Atasema nini kipya? Wote huimba wimbo mmoja."

Jumatatu aliusikiliza utetezi na kuuandika neno kwa neno kwenye daftari lake, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Karani ndiye aliyepaswa kuzinakili kurasa hizo kwenye faili baadaye. Hakimu akatoka nje dakika kumi, kama mtu anayetafakari, akarudi kusoma kile alichokuja nacho kwenye mkoba. Watu waliiita bidii. Ulikuwa uvivu uliovaa tai.

Mwaka wake wa mwisho kazini aliletewa seremala aliyeshtakiwa kuvunja ghala la shule usiku na kuiba mashine ya kuranda. Ijumaa seremala alisema hana shahidi, kwa kuwa dada yake, fundi cherehani, alikuwa hospitali akimuuguza mama yao. Jumapili hakimu akaandika: "Mshtakiwa hakuleta shahidi hata mmoja." Jumatatu dada akatokea. Alisimama kizimbani nusu saa, akaeleza kwamba usiku ule kaka yake alilala kwenye benchi la wodi, akamtaja na muuguzi aliyemfukuza mara mbili. Hakimu aliandika yote. Akatoka, akarudi, akasoma kwamba mshtakiwa hakuleta shahidi hata mmoja.

"Mheshimiwa, na mimi ni nani?" dada akapaza sauti. Askari akamtoa nje. Kaka akapewa miaka kumi.

Rufaa ilikwama miaka sita, kwani katika faili ilibaki hukumu tu. Kurasa za utetezi hazikuonekana. Mwishowe mahakama ya juu ikampa dada wiki mbili: alete uthibitisho kwamba shahidi alisikilizwa, la sivyo rufaa itupwe. Akaenda nyumbani kwa mstaafu, akamkuta barazani na gazeti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kama ni barua ya utambulisho, mimi nimestaafu."

"Nimefuata maneno yangu. Yamo kwenye daftari lako la mwaka ule."

Chapuchapu alikunja gazeti. Madaftari yote alikuwa nayo stoo, ndani ya maboksi, akisubiri kuandika kitabu cha maisha yake.

"Madaftari ni mali yangu."

"Karatasi ni yako. Maneno ni yangu."

"Wewe mama, unajua unanitaka nijitie kitanzi?"

"Kaka yangu yuko ndani miaka sita sasa. Wewe umekaa barazani na kandambili unanitajia kitanzi?"

"Kuna utaratibu. Nenda kwa msajili."

"Msajili ndiye aliyenielekeza hapa."

"Basi kamwambie yaliliwa na mchwa."

Mkewe alitokea mlangoni, mikono ikichuruzika maji. "Mchwa gani, baba watoto? Si jana tu umeyapangusa vumbi?"

"Hili ni jambo la kisheria. Rudi jikoni."

"La kisheria nimelisikiliza kila Jumapili hadi chai ikapoa. Leo utanisikiliza wewe."

Akaingia stoo, akatoka na boksi, akapekua daftari moja baada ya jingine kama mwalimu anayetafuta kazi ya mtoto mtoro. Kurasa mbili na nusu, jina la shahidi juu, mwandiko wa mumewe. Akamkabidhi dada.

"Likitoka mlango huu, umeniua," mume alisema.

"Hufi. Utaaibika tu."

Wiki iliyofuata aliitwa mahakama ya juu kutambua mwandiko. Alikiri ni wake. Jaji akamwuliza kipi cha kweli, daftari au hukumu. Akaanza na mrundikano wa mashauri, uhaba wa makarani, joto la chumba.

"Nimeuliza kipi cha kweli."

"Shahidi alikuwapo."

"Na hukumu uliiandika lini?"

Mstaafu alitazama benchi la nyuma. Mkewe alikuwa amekaa pale, mkoba mapajani, hakugeuza uso.

"Jumapili. Kabla ya utetezi."

Seremala aliachiwa kabla ya saa sita mchana. Kwenye ukumbi wa nje Chapuchapu alijipenyeza kati ya watu, akanyoosha mkono.

"Fundi, bwana, mambo yale... kazi zilikuwa nyingi mno. Hakukuwa na ubaya."

Hakika hakukuwa na ubaya, kwa maana kwamba hakuwahi kumfikiria mtu huyu hata dakika moja. Seremala aliutazama mkono ule, kisha akamgeukia dada yake.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Kule juu kwenye kiti chake nilidhani ni mrefu," akasema, wakashuka ngazi, mkono wa hakimu ukiwa bado hewani.