Tezi ya ndama: opresheni iliyomrudishia mama macho

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Hii siyo chai, nilikuwepo.

Enzi za Ujamaa tulihamia kijiji kimoja upande wa Goweko. Baba alitoka Tabora mjini na kisu chake, akawa mchinjaji wa kijiji. Mama akapangiwa shamba la pamoja la tumbaku.

Asubuhi mama alikuwa mzima kabisa. Ikifika mchana kope zinaanguka, jembe linamponyoka, hata ugali anashindwa kutafuna.

Wanakijiji wakaanza kumwita kupe, yaani mvivu anayenyonya jasho la wenzake. Wengine wakasema ni malale, maana mbung'o kule walijaa. Akapimwa, hana.

Tukapanda treni hadi Dar. Daktari akasema kuna tezi nyuma ya mfupa wa kifua, thymus, ndiyo inachochea ule udhaifu. Itolewe. Baba akauliza ina kazi gani.

"Kwa mtoto ndiyo ina kazi. Kwa mtu mzima imeshanyauka."

Baba akacheka, mara ya kwanza safari nzima.

"Naijua hiyo! Ndama anayo kubwa, ng'ombe mzee unakuta mafuta tu. Mama Zena, kubali, hawakutoi kitu."

Mama aliogopa sana kupasuliwa. Alikubali kwa sababu baba kasema.

Na ukweli usemwe, opresheni ilisaidia. Macho yakafunguka, akalima hadi jioni, waliomwita kupe wakanyamaza.

Ila miaka iliyofuata alikuwa haishi kuugua. Mkanda wa jeshi ulimtoka ubavuni, ukapona, ukarudi. Mwisho kikaja kikohozi tulichougua nyumba nzima. Sisi tukapona, chake kikageuka nimonia, kikamchukua. Niliumia, na bado naumia.

Juzi mpangaji wangu, daktari, kanieleza kuwa hata ndani ya yale mafuta ya utu uzima, thymus huendelea kutengeneza askari wapya wa kinga, kidogo kidogo.

Nikamuuliza, kutolewa tezi ndiko kulikomuua mama? Akasema hawezi kujua. Bila opresheni huenda angekufa mapema zaidi, kwa kushindwa kupumua.

Kwa hiyo wakuu, siwaambii mkatae opresheni. Ukiambiwa kiungo hakina kazi, uliza tena. Na ukiugua baadaye, mwambie daktari ulitolewa nini.

Mwenye mzazi aliyetolewa tezi hii aje hapa tuongee, nataka kujua aliishije.

Baba naye alishatangulia. Siku ile ya hospitali hakuwahi kuitaja. Ila tangu tumzike mama, akiletewa ndama wa kuchinja, alikuwa anampa mtu mwingine kisu, anaondoka.